Injini Inalia Tik-tik: Sikiliza Kwanza Kabla Hujaambiwa Imenoki

Saa kumi na moja na nusu alfajiri jirani yangu alinigongea dirisha. Ana Toyota IST anayofanyia teksi za mtandaoni hapa Dar es Salaam, na siku hiyo hakutoka. "Kaka, fundi kasema injini imenoki. Nitafute nyingine." Alikuwa ameshatajiwa na bei: milioni mbili kasoro kwa injini ya mtumba, hela ya kuifunga mbali.

Tukatoka nje, nikamwomba awashe. Kweli ililia, tik-tik-tik-tik, mlio mwembamba na mkali kama cherehani inayoshona turubai. Nikamwambia azime. Tulisubiri dakika tano oili ishuke, nikachomoa stiki ya kupimia oili, nikaifuta kwa kitambaa, nikairudisha mpaka mwisho, nikaichomoa tena. Ncha ilitoka kavu. Hata alama ya chini kabisa haikuguswa.

Tukaongeza oili kidogo kidogo huku tukipima. Iliingia karibu lita mbili, kwenye injini ambayo inabeba lita 3.7 pamoja na filta. Alipowasha tena, mlio uliendelea kwa muda mfupi, ukafifia, ukapotea. Fundi wa jana yake alikuwa amesikiliza kwa sekunde chache na kutoa hukumu bila kushika stiki. Inaniuma, kwa sababu nimeona watu wakiuza gari kwa bei ya chuma chakavu kwa hukumu ya namna hiyo. Nimeona pia wengine waliopuuza mlio uliokuwa wa hatari kweli, mpaka injini ikajifunga barabarani. Hawa na wale walikosa kitu kimoja: hakuna aliyepima kabla ya kuamua.

Neno moja, magonjwa tofauti

Mkanganyiko unaanzia kwenye neno "kunoki". Mtaani linabeba mambo matatu. La kwanza ni kugonga kwa chini, pale beringi za konrodi zinapolika. Konrodi ni mkono unaounganisha pistoni na krenki, ule mhimili mzito unaozunguka chini ya injini. La pili ni mafuta kulipuka ndani ya silinda kwa namna isiyotakiwa, injini ikiwa inavuta mzigo. Panda mlima wa Kitonga ukiwa na gia kubwa kuliko inavyostahili na utasikia mlio kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. La tatu ni injini kufa kabisa, yaani kukwama na kugoma kuzunguka.

Tik-tik nyembamba inayotoka juu ya injini si mojawapo ya hayo matatu. Mara nyingi ni habari ya valvu, oili au ekzosi, na mara nyingine si ugonjwa hata kidogo. Lakini kwa kuwa yote hupewa jina moja, na dawa huwa moja: "tafuta injini nyingine".

Milango 16

Injini ya silinda nne kama 1NZ-FE, ambayo imo kwenye IST, Probox na Vitz nyingi za cc 1500, ina valvu 16. Kila silinda ina mbili za kuingiza hewa na mafuta, na mbili za kutoa moshi. Zione kama milango midogo. Springi inaufunga mlango, na kemu inausukuma ufunguke. Kemu ni shafti yenye vinundu vyenye umbo la yai. Kati ya kinundu na valvu kuna kikombe kidogo cha chuma, nacho ndicho mafundi wanachokiita tapeti.

Kati ya kinundu na tapeti lazima pabaki upenyo, kwa sababu chuma kikipata moto hutanuka. Kwenye 1NZ-FE iliyopoa, upenyo huo ni milimita 0.15 hadi 0.25 upande wa kuingiza, na 0.25 hadi 0.35 upande wa kutoa moshi. Karatasi ya kawaida ya fotokopi ina unene wa karibu milimita 0.1, kwa hiyo tunazungumzia karatasi mbili au tatu hivi. Upenyo ukizidi, kinundu hakimsukumi tena tapeti kwa ulaini, kinampiga. Ni kama mlango wenye komeo lililolegea: hauvunjiki, lakini kila upepo ukija unagonga.

Sasa oili inaingiaje hapa? Oili hukaa chini kwenye sampo, lile bakuli la chini ya injini. Pampu huivuta na kuisukuma kupitia filta, beringi za krenki, hadi huko juu kwenye kemu. Mtu aliyewahi kukaa mtaa wa mlimani wakati wa mgawo wa maji ataelewa haraka: presha ikipungua, bomba za bondeni bado zinatoa maji, lakini za mlimani ni hewa tupu. Kemu na tapeti ndio wakazi wa mlimani. Oili ikiwa haitoshi, au ikiwa imeganda matope na kuziba chujio lililoko kwenye sampo, mara nyingi huko juu ndiko kunakoanza kulalamika.

Zipo injini zenye tapeti zinazojirekebisha zenyewe kwa presha ya oili, kama 2ZR-FE ya Corolla na Premio za baadaye. Hizo hazina upenyo wa kupima, maana oili ndiyo inayojaza nafasi. Gari likilala, sehemu ya oili hiyo hushuka, na asubuhi utasikia tik-tik kwa sekunde chache mpaka zijae tena. Ikiishia hapo, usihangaike.

Lini inalia, na wapi

Fundi mzuri akiletewa gari linalolia huuliza maswali kwanza, kama daktari. Swali lenye thamani kuliko yote ni: inalia lini?

Mlio unaotokea asubuhi tu na kukoma ndani ya sekunde tatu au nne mara nyingi ni oili iliyoshuka usiku. Kama umeanza baada ya kubadilisha oili juzi, tazama filta. Filta nzuri ina ulimi wa mpira ndani unaozuia oili isirudi chini injini ikizimwa. Kwenye filta nyingi za bei ya kutupa ulimi huo ni dhaifu, kwa hiyo kila asubuhi injini inaanza na njia kavu. Kwenye injini za timing cheni, yaani cheni inayoiunganisha krenki na kemu, kifaa kinachokaza cheni nacho mara nyingi hutegemea presha hiyo hiyo ya oili, kwa hiyo mkwaruzo mfupi wa asubuhi unaweza kutoka huko. Ukianza kuongezeka siku hadi siku, cheni imerefuka au kikazio kimechoka. Hilo si la kuahirisha, cheni ikiruka meno valvu zinaweza kukutana na pistoni.

Mlio unaokuwa mkubwa injini ikiwa baridi na kufifia taratibu kwa dakika kadhaa mara nyingi ni moshi unaovuja pale manifodi ya ekzosi, bomba linalokusanya moshi wa silinda zote, inapoungana na injini. Chuma kikipata moto kinatanuka na kuziba ufa. Huu huwadanganya hata mafundi wazoefu, kwa sababu kila mvujo ni pumzi fupi inayosikika kama chuma kinachogonga. Ishara yake ni masizi meusi kwenye maungio. Plagi iliyolegea hutoa pumzi ya namna hiyo pia, na dawa yake ni kuikaza tu kwa kipimo kinachotakiwa.

Kinyume chake, mlio usiokuwepo asubuhi na unaokuja injini ikishapata moto ndio wa kuogopa. Oili ikipata moto huwa nyepesi, na kama beringi zimelika presha hushuka. Hapo usiende safari ya Dodoma.

Kisha uliza: mlio unafuata nini? Ukikanyaga mafuta gari likiwa limesimama na mlio ukaongeza kasi pamoja na injini, uko kwenye injini. Kama unafuata mwendo wa magurudumu, tafuta kokoto au msumari kwenye tairi. Kama unakuja ukikata kona tu, ni jointi za ekseli za mbele. Unaweza kucheka, lakini nimeshuhudia gari likifunguliwa kava ya juu ya injini wakati msumari uko kwenye tairi ya nyuma.

Mapigo nayo yanasema. Injini inapozunguka mara 720 kwa dakika, krenki inazunguka mara 12 kwa sekunde, na kemu mara 6, kwa sababu kemu huenda nusu ya mwendo wa krenki. Valvu moja yenye upenyo mkubwa itapiga mara 6 kwa sekunde. Huwezi kuhesabu kwa kidole, lakini ukizoea, sikio litatofautisha mpigo wa nusu mwendo na ule mnene unaokwenda bega kwa bega na krenki. Ila mapigo peke yake hayatoshi, maana ekzosi inayovuja kwenye silinda moja nayo hupiga kwa nusu mwendo. Ndiyo maana lazima utafute mahali.

Mahali hutafutwa kwa bisibisi ndefu. Ncha unaiweka kwenye chuma cha injini, mpini unaubana kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Kipande cha mpira wa maji kinafaa zaidi kutafuta moshi unaovuja, kwa sababu kinachukua sauti ya hewani. Sogeza taratibu: kava ya juu, nozeli zinazopuliza mafuta, moja baada ya nyingine, manifodi, kisha ubavuni chini karibu na sampo. Utashangaa jinsi sauti iliyokuwa "kila mahali" inavyopata anwani. Kabla ya kuinama, vua mtandio, funga nywele, kunja mikono ya shati, na kaa mbali na mikanda. Feni ya umeme inaweza kujiwasha yenyewe wakati wowote. Na kazi hii usiifanye ndani ya gereji iliyofungwa, moshi wa gari una gesi inayoua bila harufu ya kukuonya.

Ukifika kwenye nozeli utasikia tik-tik safi, zinazofanana kwa zote. Hiyo ni kazi yake: vali ndogo ya umeme inafunguka na kufunga mara nyingi kwa dakika. Kwenye injini za Toyota zilizoandikwa D-4, ambazo mafuta hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, mlio wa pampu na nozeli huwa mkubwa zaidi tangu gari likiwa jipya. Dizeli nayo ina mlio wake wa asili wa kugonga, usiilinganishe na petroli ya jirani.

Kuna kipimo kimoja zaidi ambacho ningependa kila mwenye gari akijue ili amwombe fundi akifanye. Injini ikinguruma, fundi anachomoa waya wa nozeli ya silinda moja kwa sekunde chache, anaurudisha, anahamia nyingine. Silinda hiyo inaacha kulipua mafuta. Mlio ukipungua sana kwenye silinda fulani, chanzo chake kinategemea nguvu ya mlipuko: beringi ya konrodi, au ekzosi inayovuja hapo. Mlio usipobadilika hata kidogo, elekea juu, kwenye valvu na tapeti, ambazo zinaendelea kupiga hata kama silinda haifanyi kazi. Kipimo hiki hakihitaji kufungua kitu chochote.

Yanayosemwa gereji

"Taa ya oili haijawaka, basi oili ipo." Hili limeua injini nyingi. Kwenye magari mengi taa nyekundu ya oili haipimi wingi, inapima presha, na inawaka presha ikishashuka karibu na sifuri. Jirani yangu aliendesha na chini ya nusu ya oili bila taa kuwaka hata mara moja. Ikiwaka ukiwa barabarani, simama pembeni na uzime palepale, hata kama umebakiza kilomita moja ufike. Stiki ndiyo inayokwambia wingi, nayo ni ya bure.

"Weka oili nzito, itanyamaza." Tazama namba kwenye galoni. Ya kwanza, yenye herufi W, inaeleza oili inavyotembea ikiwa baridi, na ya pili inaeleza uzito wake ikiwa moto. Injini iliyotengenezewa 0W-20 au 5W-30 ina njia nyembamba za oili, na ukiipa 20W-50 kila asubuhi oili itachelewa kufika mlimani. Mlio wa mchana utapungua kweli, lakini ni kama kumpa mgonjwa wa malaria dawa ya kushusha homa na kumwambia amepona. Kuna magari ambayo kitabu chake kinaruhusu oili nzito kwenye nchi za joto, kwa hiyo kifuate kitabu. Angalia pia herufi za ubora: S ikifuatiwa na herufi nyingine, na kadiri herufi hiyo inavyosogea mbele ndivyo kiwango kilivyo kipya. SF ni kiwango cha miaka ya 1980, SP kilianza 2020. Gari la 2005 halistahili oili ya enzi za mzazi wake.

"Oili imekuwa nyeusi, imekufa." Oili nzuri hubeba uchafu, ndiyo maana inabadilika rangi. Hesabu kilomita na miezi, rangi pekee haitoshi.

"Tuioshe injini kwa mafuta ya taa." Kataa. Mafuta ya taa na dizeli huyeyusha ute unaolinda beringi, na yakibandua matope mengi kwa mkupuo, matope hayo yanakwenda kuziba chujio la pampu. Injini yenye matope husafishwa kwa kufungua sampo, au kwa kubadilisha oili nzuri mapema mara mbili tatu mfululizo.

Na la mwisho, ambalo ndilo linanitia wasiwasi zaidi siku hizi: "Injini imetulia kabisa, haina tatizo." Dar es Salaam magari mengi yamefungwa mitungi ya gesi asilia, na wenye teksi wanaokoa hela nyingi kweli. Lakini gesi huingia kavu. Petroli huingia kama unyevunyevu unaosaidia kupoza valvu na viti vyake, yaani pale valvu inapokaa ikifunga, gesi haifanyi hivyo. Kwenye injini zenye viti laini, valvu huzama taratibu ndani ya kiti, na kila inapozama, shina lake linapanda juu kuelekea kwenye kemu. Upenyo unapungua. Injini inakuwa kimya zaidi kuliko zamani na mwenye gari anafurahi. Siku upenyo unapokwisha, valvu haifungi tena barabara. Na valvu ya moshi hupoa kwa kugusa kiti chake, kwa hiyo isipokigusa inaungua ukingoni, na silinda inapoteza nguvu. Mlio wa tapeti ni kero. Kimya cha tapeti zilizobana ni gharama ya kufungua hedi, kichwa cha injini.

Mlio wa kuzima gari

Kama ulichosikia si tik bali ni *ngo, ngo, ngo*, kizito, kinachotoka chini, kinachoongezeka unapokanyaga na kubadilika pale silinda moja inapozimwa, hapo neno "kunoki" linastahili. Usiliendeshe hata kwenda gereji, liburuzwe. Fundi afungue swichi ya presha ya oili, afunge geji mahali pake, asome presha injini ikiwa ya moto, na alinganishe na kitabu. Kisha amwage oili kupitia kitambaa cheupe kwenye mwanga wa jua. Vumbi linalometameta rangi ya shaba au fedha ni beringi zilizosagika. Mlio huu ukikamatwa mapema, unaweza kuokoa krenki. Ukichelewa wiki mbili, konrodi inaweza kutoka kwa ubavu wa injini, na hapo kweli tafuta nyingine.

Tuirudie IST ya jirani. Mlio ulikuwa umekwisha, lakini nilipoweka mkono kwenye usukani gari likiwa limesimama, nilihisi mtikisiko mdogo, kama mapigo ya moyo yanayoruka. Gari lilikuwa na mtungi wa gesi, mwaka wa pili sasa. Nikamwambia, "Dada, oili tumeshaijua. Hili la pili hatujalijua." Tukalipeleka kwa mzee mmoja ambaye bado ana fila zake, vile vibamba vyembamba vya chuma vya kupimia upenyo, ndani ya mfuko wa ngozi. Gari lililala kwake usiku mzima ili lipoe, na asubuhi akafungua kava.

Alianza silinda ya kwanza. Fila ya 0.30 ikapita upande wa moshi, kwa kukwaruza kidogo kama inavyotakiwa. Silinda ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu, fila ya 0.30 ikagoma. Ya 0.25 ikagoma. Akashuka 0.20, 0.15, ikagoma. Ya 0.10 ndiyo iliyopita, tena kwa shida. Valvu ya pembeni yake ilikuwa 0.12. Zote mbili hazikuwahi kutoa mlio wowote.

Kwenye injini hii tapeti hazina skrubu ya kurekebisha. Unaitoa iliyopo, unapima unene wake kwa maikromita, unatafuta nyembamba zaidi, na zinatofautiana kwa sehemu mbili za mia za milimita. Mzee alipiga hesabu, akaagiza mbili nyembamba zaidi. Kazi ikachukua siku mbili, na gharama haikufika robo ya bei ya ile injini ya mtumba. Oili bado inapungua taratibu, haivuji chini, kwa hiyo huenda inaungua kupitia ringi za pistoni zilizochoka. Jirani anajua hivyo. Ana chupa ya oili ya akiba kwenye buti, na anapima kila Jumatatu kabla ya kuwasha. Namba za valvu zote 16 mzee alimwandikia kwa kalamu ya risasi nyuma ya risiti. Ameitunza kwenye droo ya gari pamoja na karatasi za bima, imsubiri fundi atakayepima mwakani.